Jinsi Nyuzi za Piano Zinavyopangwa, na Namna ya Kuzityuni Zikatulia

Ukifungua piano kwa mara ya kwanza, utakuta kwamba vibonyezo 88 vilivyo nje vinahudumiwa na nyuzi zaidi ya 220 zilizo ndani, nazo zimekazwa kiasi kwamba mvuto wake ukijumlishwa unafikia tani 15 hadi 20. Mzigo huo haupumziki usiku wala mchana. Mwongozo huu unaeleza namna nyuzi hizo zilivyopangwa, kinachozishikilia, kinachozifanya zipotoke, na hatua ambazo mtu makini asiye fundi anaweza kuzifuata ili kurekebisha noti zilizoharibika. Kuifikisha noti mahali pake si kazi ngumu sana. Kazi ni kuiacha hapo ikatulia, na karibu yote nitakayoeleza yanahusu hilo la pili.

Hatua ya kwanza: fuata waya mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Ondoa ubao wa mbele ikiwa piano yako ni ya kusimama, au inua kifuniko kikubwa ikiwa ni ya kulala, kisha chagua noti moja ya katikati na uufuate waya wake kwa macho. Usiuguse kwa vidole, kwa kuwa jasho huleta kutu.

Waya huanzia kwenye pini ya chuma yenye kipenyo cha milimita 7 hivi, ambako umezungushwa mara tatu. Pini hiyo ina hesi laini mno, lakini haishikwi nazo kama skrubu inavyoshikwa na nati. Imegongomewa ndani ya ubao mnene uliotengenezwa kwa tabaka za mbao ngumu zilizogundishwa pamoja, na kinachoizuia isijizungushe ni msuguano wa mbao peke yake. Hakuna kufuli wala kibano. Kutoka kwenye pini, waya hupita chini ya upau wa chuma au ndani ya tundu la kishikizo kidogo cha shaba, na hapo ndipo sehemu inayolia inapoanza. Sehemu hiyo inaishia kwenye daraja, yaani ule mhimili mrefu wa mbao ngumu uliogundishwa juu ya ubao wa sauti, ule ubao mpana unaoikuza sauti ya nyuzi. Tazama kwa karibu hapo darajani: waya haupiti ukiwa umenyooka, bali umekunjwa kidogo kati ya pini mbili fupi zilizoinama, mfano wa herufi Z iliyovutwa. Kunja hiyo ndiyo inayoubana waya kwenye mbao, ili mtetemo wake uingie katika ubao wa sauti na usipotelee pembeni. Baada ya daraja, kipande kilichobaki kinakwenda kwenye pini ya kufungia iliyo katika fremu ya chuma.

Hesabu sasa kona ambazo waya umepita: chini ya upau, pini mbili za darajani, na pini ya kufungia. Kila kona ina msuguano wake, na kwa sababu hiyo mkazo wa kipande kilicho karibu na pini ya kukazia unaweza kuwa tofauti na mkazo wa kipande kinacholia, na huo nao ukatofautiana na wa kipande kilicho nyuma ya daraja. Sikio lako linasikia kile cha katikati tu. Ukimaliza kazi huku vipande hivyo vikivutana, vitasawazishana vyenyewe baada ya muda, na sauti uliyoipata itahama hata kama pini haijasogea hata kidogo.

Lipo jambo jingine ambalo wengi huligundua waya unapokatika. Katika piano nyingi, waya wa chuma mtupu hauishii kwenye pini ya kufungia, bali huizunguka na kurudi hadi kwenye pini ya kukazia ya jirani, hivyo waya mmoja unakuwa nyuzi mbili. Kwa noti yenye nyuzi tatu, maana yake ni kwamba nyuzi mbili ni za waya mmoja na uzi wa tatu ni nusu ya waya unaohudumia pia noti inayofuata. Msuguano wa ule mzunguko, pamoja na kona nyingine, unatosha kuzuia nusu moja isiivute nyingine unapotyuni. Ila waya ukikatika, nyuzi mbili zinanyamaza kwa pamoja, na mara nyingine kila moja ni ya noti tofauti.

Hatua ya pili: elewa mpangilio wa kutoka besi hadi juu

Noti za chini kabisa zina uzi mmoja mmoja, mnene, uliovikwa waya wa shaba nyekundu. Ukipanda kidogo utakutana na noti zenye nyuzi mbili za namna hiyo, na kuanzia hapo hadi mwisho wa kulia kila noti ina nyuzi tatu za chuma kitupu, zinazozidi kuwa fupi na nyembamba. Idadi hiyo si urembo: uzi mwembamba na mfupi una sauti ndogo, kwa hiyo unahitaji wenzake ili usikike sawa na mnene.

Sababu ya kuvika shaba inaeleweka kwa hesabu rahisi. Mfaransa Marin Mersenne alieleza mwaka 1636 kwamba sauti ya uzi inategemea urefu, mkazo na uzito wake, na kwamba urefu ukiongezwa mara mbili, mambo mengine yakibaki vilevile, sauti inashuka oktavu moja, yaani hadi noti ya jina lilelile iliyo chini yake. Uzi wa noti ya mwisho ya juu una urefu wa sentimita 5 hivi. Kama waundaji wangetegemea urefu peke yake, uzi wa noti ya kwanza ya chini, iliyo oktavu saba na zaidi kutoka hapo, ungefikia takriban mita 7 na nusu. Piano ya namna hiyo isingeingia mlangoni. Ndiyo maana nyuzi za besi huongezewa uzito badala ya urefu. Uzito huo ungeweza kupatikana kwa kutumia fimbo nene ya chuma, lakini uzi mnene mtupu ni mkakamavu na hulia kama kengele mbovu. Shaba iliyozungushwa juu ya kiini chembamba inaleta uzito huku uzi ukibaki mlegevu wa kutosha kutetema vizuri.

Utaona pia kwamba nyuzi za besi zinapita juu ya zile za katikati kwa mshazari. Mpangilio huo, ambao kampuni ya Steinway & Sons iliupatia hataza ya piano za kulala mwaka 1859, unaruhusu nyuzi ndefu zaidi ndani ya sanduku lilelile, na unaliweka daraja la besi karibu na katikati ya ubao wa sauti, mahali ambapo mbao zinacheza kwa urahisi kuliko ukingoni.

Hatua ya tatu: jua kinachoshika na kinachosogea

Bartolomeo Cristofori alipounda piano za kwanza mjini Florence karibu mwaka 1700, mwili ulikuwa wa mbao na nyuzi zilikuwa nyembamba zenye mkazo mdogo. Wanamuziki walipotaka sauti kubwa zaidi, nyuzi zikanenepeshwa, na mbao zikashindwa. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alipata hataza ya fremu ya chuma cha kusubu iliyo kipande kimoja, na tangu fremu za namna hiyo zilipoenea, mvuto wa nyuzi hubebwa na chuma.

Kwa hiyo fremu ni imara, na waya wa chuma uliokwisha kunyooka vyema hauendelei kurefuka kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Waya mpya ni habari nyingine: huendelea kunyooka kwa miezi, na piano mpya hutyuniwa mara kadhaa katika mwaka wake wa kwanza kwa sababu hiyo. Kwa piano iliyozoea, mkosaji mkuu ni ubao wa sauti. Ubao huo hutengenezwa kwa mbao laini za sprusi, nao umepindwa kidogo kama mgongo wa kobe, ukisukuma daraja dhidi ya nyuzi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mbao zinafyonza maji na kuvimba, mgongo unainuka, daraja linazisukuma nyuzi na sauti inapanda. Hewa ikikauka, mgongo unalala na sauti inashuka. Noti za katikati huathirika zaidi kuliko za ncha zote mbili, na hilo ndilo linalokera sikio, kwa sababu piano ingeshuka yote kwa kiasi kimoja mpigaji wa peke yake asingejali sana.

Kabla ya kununua kifaa chochote cha kutyuni, basi, nunua kipimo cha unyevu na uweke piano mahali ambapo kinasoma karibu asilimia 40 hadi 50 bila kuyumbayumba. Iondoe kwenye jua la dirishani na mbele ya kiyoyozi. Nimeona watu wakilaumu pini kwa miaka, kumbe kosa lilikuwa dirisha.

Hatua ya nne: andaa vifaa

Unahitaji ufunguo maalumu wa kutyuni wenye kichwa cha umbo la nyota kinachoenea vizuri kwenye pini, kabari mbili au tatu za mpira za kunyamazishia nyuzi, ukanda mrefu wa sufu iliyoshindiliwa, na uma wa sauti wa A yenye mitetemo 440 kwa sekunde. Kwa piano ya kusimama ongeza kibano chembamba cha plastiki, kwa kuwa kabari hazipiti vizuri kati ya nyundo. Usijaribu spana wala koleo. Vitachubua pembe za pini, na pini iliyochubuka haishikiki tena. Vaa miwani. Usipulize mafuta ya aina yoyote karibu na pini, hata kama unaona kutu, kwa kuwa yakiingia katika ubao wa pini yanauondoa ule msuguano ambao ndio kitu pekee kinachoshika.

Hatua ya tano: pima hali kabla ya kukaza

Piga A ya juu kidogo ya katikati, ile ya kibonyezo cha 49, na uilinganishe na uma. Kipimo cha mafundi ni senti, ambayo ni sehemu moja ya mia ya nusu toni, yaani ya umbali kati ya noti moja na jirani yake wa karibu kabisa. Ikiwa piano imeshuka kwa senti chache, unaweza kuendelea. Ikiwa imeshuka kwa senti 20 au zaidi, kutyuni kwa makini mara moja ni kupoteza muda: kila uzi unaoukaza unaongeza mzigo kwenye ubao wa sauti, ubao unazama, na nyuzi ulizokwisha kuzimaliza zinashuka nyuma yako. Katika hali hiyo piano yote hupandishwa kwanza kwa haraka na bila kujali usafi, kila noti ikipitishwa kidogo juu ya shabaha kwa takriban robo ya upungufu wake, ndipo itulie karibu na mahali pake na kazi ya makini ianze. Kwa piano iliyoachwa miaka mingi, yenye nyuzi zilizoshika kutu, kazi hiyo mwachie fundi.

Jaribu pia pini chache. Pini nzuri inakataa kidogo, kisha inazunguka kwa uzito ulio sawa. Ikizunguka kwa wepesi na kurudi ufunguo unapoachiwa, ubao wa pini umechoka au umepasuka, na hakuna ustadi wa mkono utakaoifanya ishike. Fundi atalazimika kuweka pini nene zaidi au kuitibu ile mbao.

Hatua ya sita: tyuni nyuzi za noti moja

Hapa ndipo mwanafunzi anapopaswa kukaa kwa muda mrefu. Ushauri wangu ni kwamba kwa miezi ya kwanza usiguse kitu kingine.

Chagua noti ya katikati yenye nyuzi tatu. Nyamazisha uzi wa kulia kwa kabari ili zibaki mbili, kisha piga kibonyezo na usikilize. Kama haziko sawa utasikia mapigo, yaani sauti inayovimba na kunywea kwa mfululizo, wau-wau-wau. Mapigo mawili kwa sekunde maana yake ni kwamba mitetemo ya nyuzi hizo imetofautiana kwa miwili kwa sekunde. Kadiri zinavyokaribiana mapigo yanapungua kasi, hadi yanakuwa wimbi moja refu, kisha yanatoweka na sauti inanyooka.

Kabla ya kuuvuta ufunguo, hakikisha uko kwenye pini ya uzi unaousikiliza. Linaonekana jambo dogo. Siku moja nilikaza pini kwa robo nzima ya mzunguko nikishangaa kwa nini noti haibadiliki, nikadhani sikio langu limechoka, nikaongeza tena, ndipo uzi wa noti ya pili yake, uliokuwa umenyamazishwa na ukanda, ukakatika kwa mlio wa bastola. Tangu siku hiyo hukwanyua uzi kwa ukucha na kuufuata hadi kwenye pini yake. Kanuni ni fupi: ukisogeza ufunguo kidogo na sauti isibadilike, simama.

Weka ufunguo ukiwa wima, sambamba na nyuzi, mpini ukielekea mahali pa saa sita au saa saba kwenye uso wa saa. Kuelekea kulia kunapandisha, kuelekea kushoto kunashusha. Mwendo unaohitajika ni mdogo kuliko anavyotarajia yeyote. Kwa uzi wa katikati wenye mkazo wa kilo 80, senti moja ni badiliko la gramu 90 hivi, na ncha ya mpini wenye sentimita 30 husogea karibu theluthi moja ya milimita tu. Kwa hiyo usiuvute ufunguo kwa mkono mzima, bali uusukume kwa shinikizo la kiganja huku kiwiko kikiwa kimeegemea mahali imara.

Sasa linakuja lile la kuiacha noti ikatulia. Pini ni ya chuma, lakini inajipinda. Unapouzungusha ufunguo, kichwa cha pini husogea kabla ya sehemu iliyozama katika mbao, na ukiuachia wakati huo, pini inajinyoosha na kukurudisha ulikotoka, wakati mwingine baada ya dakika kumi. Ufunguo ukivutwa kwa kuelekea chini au juu badala ya kuzunguka, pini inainama kama mlingoti katika upepo, na sauti unayoisikia ni ya kuinama huko. Pandisha uzi hadi upite shabaha kwa kiasi kidogo ukihisi mguu wa pini umesogea ndani ya mbao, kisha ushushe taratibu hadi mapigo yatoweke. Halafu piga kibonyezo kwa nguvu mara tatu au nne. Vishindo hivyo vizito huutikisa waya kwenye zile kona tulizozihesabu mwanzoni, na mkazo wa vipande vyake husawazishana hapo hapo, wakati bado una ufunguo mkononi. Sauti ikishuka, kipande cha karibu na pini kilikuwa kimelegea kuliko kile kinacholia, kwa hiyo panda tena na ushuke kwa kiasi kidogo zaidi. Ikipanda, kilikuwa kimekazwa mno. Rudia hadi vishindo visibadilishe kitu. Mwisho, gusa mpini kwa kidole kimoja, kidogo kulia, kidogo kushoto: pini iliyotulia itaruhusu sauti kuyumba kwa kiasi sawa pande zote na kurudi mahali pake.

Ondoa kabari, tyuni uzi wa tatu kwa kuulinganisha na hao wawili, na uende kwenye noti inayofuata.

Hatua ya saba: panga noti za katikati, kisha oktavu

Atakayetaka kutyuni piano nzima hutandika ukanda wa sufu katikati ya piano ili kila noti ibaki na uzi mmoja wa kati. Uma unatoa A4 (herufi ni jina la noti, namba ni oktavu yake), na oktavu moja chini yake inapatikana A3. Kuanzia hapo oktavu moja inagawanywa katika nusu toni 12 zilizo sawa, na gharama ya usawa huo ni kwamba hakuna intavali, yaani umbali kati ya noti mbili, iliyo safi isipokuwa oktavu: tano (umbali wa nusu toni 7) hubanwa kwa senti mbili, na tatu kuu (nusu toni 4) hupanuliwa kwa senti 14 hivi. Kwa hiyo fundi hatafuti ukimya, anahesabu mapigo. Kati ya F3 na A3 yawe karibu 7 kwa sekunde, kati ya A3 na C#4 karibu 9, na kati ya C#4 na F4 karibu 11. Tatu hizo zikiwa zimepanda ngazi hivyo, na F3 na F4 zikipatana, umepata nguzo. Noti zilizobaki huingizwa kwa nne (nusu toni 5) zenye pigo moja hivi kwa sekunde na tano zilizo za polepole zaidi.

Kutoka katikati, noti nyingine hunakiliwa kwa oktavu kuelekea pande zote. Hapa pana mtego. Kwa kuwa nyuzi za chuma ni kakamavu, sauti za juu zilizomo ndani ya kila noti hupanda kidogo kuliko hesabu safi inavyotaka, na oktavu iliyopimwa kwa hesabu hiyo inasikika imebana. Noti za juu huachwa ziwe juu kidogo na za besi chini kidogo, na kiasi chake hutofautiana kati ya piano fupi na ndefu. Programu ya simu iliyotengenezwa kwa gitaa haijui habari hizo, na itakuachia piano iliyo sahihi kwenye skrini na bovu masikioni. Zipo programu za piano zinazopima ukakamavu wa nyuzi zako kwanza. Hizo zinafaa, ila hakuna hata moja inayoweza kukutulizia pini.

Baada ya kumaliza, acha piano ipigwe kama kawaida na uirudie kesho yake bila ufunguo, ukiwa na karatasi. Pitia noti moja moja na uandike zile ambazo nyuzi zake zimeanza tena kusema wau-wau. Ikiwa zimetawanyika ovyo, pini zake hazikutulia, na utazirudia kwa hatua ya sita. Ikiwa zimekusanyika katikati zote zikiwa zimepanda au zimeshuka kwa pamoja, weka ufunguo kando na usome kipimo cha unyevu.